Jiwe Ambalo Babu Hakulitaja

Mwanangu Furaha,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya sabuni, ya shuka, ya kufunga sanduku kwa kufuli na kutokopesha viatu. Hapo siongezi kitu. Nimekaa kwenye karakana yangu hapa Mbugangari, mvua inapiga mabati, nimesukuma makopo ya rangi pembeni nipate mahali pa kuweka karatasi. Wewe umevuka mpaka tangu asubuhi kwenda kumuaga shangazi yako Goma, na hutarudi kabla ya jioni. Nilingoja uondoke ndipo nianze. Ukiwa mbele yangu siwezi kuyasema haya. Nimejaribu mara nyingi, na kila mara naishia kukuuliza kama umekula.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika shuleni kule Masisi, na mwalimu wetu alikuwa mtu wa Kigoma, mkali wa lugha kuliko wa hesabu. Kinyarwanda changu ni cha mdomo, kikifika kwenye karatasi kinanikimbia. Tena ni Kiswahili tulichozoea kutaniana nacho mimi na wewe tangu ukiwa mtoto. Leo sina utani, lakini ningependa unisikie kwa sauti unayoijua.

Mwezi uliopita ulikuja hapa na ile karatasi waliyowapa wanafunzi wapya wanaokwenda chuo cha Butare. Ulikaa juu ya kopo lililopinduliwa ukawa unanisomea Kifaransa chake na kunifasiria. Ulisema somo lenyewe ni changa, hata jina lake bado watu wanaligombania, lakini wewe utaliita sayansi ya utambuzi. Ukasema kazi yake ni kuuliza mtu anajuaje anachokijua: jicho linachagua nini katika yote yaliyo mbele yake, kumbukumbu inakaa wapi, mtoto anaokotaje lugha bila kufundishwa, mtu mzima anafikaje kwenye uamuzi na kuuamini. Ukasema hakuna fani moja inayoweza kulibeba swali hilo peke yake, ndiyo maana wanakutana watu wa saikolojia, wa lugha, wa falsafa, madaktari wa ubongo, hata watu wa kompyuta.

Nilikuuliza hao wa kompyuta wanatafuta nini humo. Ulinijibu kwamba wanajaribu kuifanya mashine itende jambo ambalo akili hutenda, na pale mashine inaposhindwa ndipo wanapogundua kwamba hawakuwa wameielewa akili. Hilo nililielewa upesi. Hata mimi herufi naamini naijua mpaka siku nitakapoambiwa niichore kubwa kama mlango.

Kisha nikakusimulia kile kibao cha duka la mkate nilichokosea, nikaandika "karibu kwa kwa mama" na kukitundika barabarani. Watu walipita chini yake msimu mzima, wakinunua mkate, wakikisoma kwa sauti, na hakuna aliyeliona neno lililozidi. Mimi mwenyewe nililiona siku nilipopanda ngazi kukipiga rangi upya. Ulifurahi sana. Ulisema hiyo ndiyo sura ya kwanza ya somo lenu, kwamba jicho husoma linachokitarajia. Nikajivuna kidogo, baba fundi wa vibao ana mchango wake chuoni.

Ndipo ukafunga karatasi ukaniambia jambo lililonikosesha usingizi tangu siku hiyo. Ulisema walipowauliza kwa nini mmechagua somo hili, wenzako walitaja kazi na safari za Ulaya. "Mi nilibaambia nilionaka fasi mbele nifike," ukasema, yaani ulipaona mahali kabla hujapafika. "Nilionaka miti yake, nilionaka mpaka jiwe. Donc nataka kujua kichwa ya mutu inafanyaka vile namna gani."

Mimi nikainama nikaendelea kukoroga rangi iliyokwisha kukorogeka.

Furaha, jiwe lile nililiweka mimi.

Acha nianze mbali, maana nikianza karibu nitajitetea. Unakumbuka jioni zetu za Goma, kabla hatujarudi Rwanda. Baada ya kula, babu yako, yaani baba yangu mimi, alikuwa akisema, "Haya, twende nyumbani," nasi wote tukijua haimaanishi kusimama. Ilikuwa safari ya mdomo. Tulikuwa tukitoka barabara kubwa, tukishuka, tukikuta miti mitatu ya umuko, tukifika kwenye chemchemi, tukivuka mkondo mdogo, tukipanda kidogo, na hapo tukiukuta ua wa miyenzi, ile mimea ya utomvu mweupe, na nyumba ambayo mlango wake ulitazama volkeno. Kila mtoto alipewa kipande chake akiseme. Aliyekosea alirudishwa barabarani, tukaanza upya. Familia nyingi za wakimbizi wa zamani zilifanya hivyo, kila moja na kilima chake. Wazee waliogopa kwamba siku ya kurudi ikifika watoto watakuwa wageni.

Wewe ulikuwa mwepesi kuliko wote. Babu yako alikuwa akisema kichwa chako hakivuji. Hata alipofariki pale Goma, wewe ndiye uliyeiendeleza ile safari kwa wadogo zako, na mimi nilibaki msahihishaji.

Msahihishaji gani, ndilo swali. Mimi niliondoka Nyakiriba, kilima chetu, nimebebwa mgongoni. Sikukumbuka lolote. Lakini nilikuwa nimeitembea safari ile ya mdomo maisha yangu yote, na mahali fulani katikati nilianza kuamini kwamba naikumbuka. Nilimwona mama yangu akiteka maji kwenye chemchemi. Niliona rangi ya kitambaa chake. Nikikuambia leo kwamba kile kitambaa nilikipata kwenye picha ya mtu mwingine kabisa, ukutani kwa jirani yetu wa Masisi, utashangaa? Labda hutashangaa, ndiyo kazi yenu. Mimi nilishangaa sana, siku nilipolikuta jambo hilo kichwani mwangu.

Tuliporudi Rwanda na kupanga chumba hapa mjini, nilikuwa na hamu moja tu, kukanyaga pale. Mama yako alitaka tutulie kwanza. Mimi nilikwenda Nyakiriba peke yangu, sikumwambia mtu. Nikashuka kutoka barabara kubwa, nikakuta miti mitatu ya umuko. Mwanangu, katika nchi hii kila kilima kina miti mitatu ya umuko ukiitafuta kwa moyo wa njaa. Nikakuta chemchemi. Mkondo sikuuona. Juu kidogo ya chemchemi palikuwa na shamba zuri, udongo mweusi, viazi na maharage, na nyumba ya mjane mmoja, bibi kizee, mukecuru Domitila. Nikasimama pale nikalia. Nilikuwa na hakika kama nilivyo na hakika kwamba nina mikono.

Kabla ya kuondoka nilizunguka chini ya shamba, karibu na mpaka, na kwenye majani marefu nikakanyaga mwamba. Nikafunua majani. Juu yake palikuwa pamechimbwa safu za mashimo ya kuchezea igisoro, lile bao letu, mashimo ya zamani yaliyolainika kwa vidole. Nikasema moyoni, wazee wetu walicheza hapa.

Nikarudi nyumbani. Nawe ukaniomba, kama kawaida yako, twende ile safari. Nikaenda nawe. Lakini jioni hiyo, tulipofika kwenye ua, nikaongeza: chini ya shamba, kwenye majani marefu, kuna jiwe lenye mashimo ya igisoro. Ukauliza mbona babu hakulitaja. Nikakujibu kwamba alilitaja sana ulipokuwa mdogo, wewe umesahau. Ukaonekana umeona aibu kwamba kichwa chako kilivuja. Jioni ya pili ukalisema wewe mwenyewe. Baada ya wiki chache ulikuwa ukimsikia babu yako akilisema, na hata ulijua alivyokuwa akikohoa akilitaja.

Na kuna la pili. Siku moja uliniuliza, "Na mukondo, papa? Tuko navuka mukondo mbele ya kupanda." Nikakuambia mkondo umekauka, tuuruke. Uliuliza mara moja tu. Nimeishi na swali lako hilo miaka yote hii, maana lilikuwa swali la mtu aliyejua, nami nililizima kwa sababu lilikuwa linanizuia njia.

Nataka uelewe jinsi nilivyojisemea wakati ule, si ili unihurumie, ila kwa sababu utakutana na watu wengi wa namna yangu katika kazi yako. Sikujiambia, "Ninamfundisha mtoto uongo." Nilijiambia ninamsaidia. Nilijiambia babu lazima alilitaja jiwe lile, nani angeacha kulitaja? Mpaka leo nikifumba macho namsikia akilitaja. Sauti ni yake kabisa. Najua hakusema, kwa sababu nakumbuka unyevu wa yale majani kwenye suruali yangu siku nilipoligundua, na bado sauti yake naisikia. Vyote viwili vinakaa kichwani mwangu pamoja na wala havigombani.

Kisha ikaja siku ya kamati ya mashamba. Sheria ilisema hivi na vile juu ya mashamba ya watu walioondoka zamani, lakini kilimani watu walikuwa wakipatana wenyewe, mtu apewe kipande, mwingine abaki na kipande. Mimi niliomba nusu ya chini ya shamba la mukecuru Domitila. Mkuu wa selire, yaani mtaa wetu wa kilimani, tuliyemwita responsable, akaniuliza nina ushahidi gani. Nikasema sina karatasi, nina familia iliyofundishwa nyumbani kwake. Nikawaambia wakuulize wewe, uliyezaliwa Goma, usiyewahi kufika Nyakiriba hata siku moja.

Ulikuwa darasa la pili la sekondari, lakini mwili wako ulikuwa bado wa kitoto, umevaa sare ya shule kwa sababu mama yako alisema ndiyo nguo yako ya heshima. Ulisimama barabarani, watu wazima wote nyuma yako, ukaanza kushuka huku unasema. Hukusita popote. Kwenye miti ya umuko wanawake wakaanza kunong'ona. Ulipofika chini ya shamba ukasimama mbele ya majani marefu kuliko kiuno chako, ukanyoosha kidole.

"Hapa chini ya majani iko jiwe ya igisoro," ulisema. "Babu alituambiaka."

Mtu mmoja akaingia na panga, akafyeka. Jiwe likatokea. Watu wakashika vichwa. Responsable mwenyewe akavua kofia. Na wewe, binti yangu, uliangua kilio, ukaja ukanikumbatia kiunoni, nami nikalia pia, na nakuapia kwamba machozi yangu yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilikwisha kulikanyaga jiwe lile.

Mukecuru Domitila alikuwa amesimama kando, ameshika jembe lake. Kamati ilimuuliza ana la kusema. Alilitazama jiwe muda mrefu, kisha akakutazama wewe. Alisema kwa Kinyarwanda, nakufasiria nilivyosikia: "Mimi nimeishi hapa tangu niolewe. Niliambiwa mashimo haya aliyachimba baba mkwe wangu. Lakini mtoto huyu hasemi uongo, anaonekana. Labda ni mimi nimechanganya."

Alikubali hivyo tu. Ni kweli pia kwamba wakati ule, baada ya vita, mtu aliyebaki kama yeye hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu aliyerudi na washindi kama mimi, na mimi nililijua hilo na nikaliacha lifanye kazi yake. Ila kama ingekuwa hofu tu, ningeiona usoni mwake. Nilichokiona ni mama mtu mzima akijipekua kichwani mwake mwenyewe, akiuliza kama maisha yake yote aliyaelewa vibaya. Watu huibiwa mashamba tangu zamani. Mimi nilimnyang'anya shamba na nikamnyang'anya pia hakika yake, na chombo nilichotumia kilikuwa wewe.

Shamba lile limetulisha. Viazi vyake ndivyo vilivyokusomesha, hilo unalijua, umevichimba mwenyewe kila likizo. Usilolijua ni kwamba mama yako, ambaye hajui lolote la haya, humwita mukecuru Domitila kuja kupalilia tukizidiwa, na humpa viazi. Mukecuru hushukuru kwa mikono miwili. Nimekwisha kumkuta ameinama kwenye mistari ile, nikageuka nikarudi nilikotoka kana kwamba nimesahau kitu.

Huenda ningeendelea kujidanganya mpaka kufa kama si shangazi yako. Yeye ni mkubwa wangu kwa mbali, aliondoka hapa akiwa msichana anayejua kuchota maji. Barabara zilipotulia baada ya ile miaka mibaya, alikuja kutoka Goma akataka nimpeleke. Tulishuka pamoja. Kwenye chemchemi akasimama akaniuliza, "Bon, na mukondo iko wapi?" Nikamwambia umekauka. Akacheka. Akanishika mkono kama mtoto, tukashuka upande wa pili wa bonde, na mkondo ulikuwepo, unakwenda, maji mpaka kifundo cha mguu. Tukavuka. Tukapanda kidogo. Akaniambia, "Kwetu ni hapa." Palikuwa na msitu wa mikaratusi wa komini, yaani wa serikali ya mahali, miti imepandwa kwa safu, hakuna shamba, hakuna mtu wa kumdai. Akainama akang'oa kijiti cha muyenzi uliochipuka kando ya njia, akanionyesha mabaki ya ua.

Nilimwomba anyamaze. Nilimwambia umebaki mwaka mmoja wa sekondari, nilimwambia mjane amekwisha kuzoea, nilimwambia mambo mengi. Alikubali kwa hasira. Mwezi huohuo uliponisomea ile karatasi, aliposikia umepata nafasi chuoni, na aliposikia umechagua kitu gani na kwa sababu gani, aliniita Goma. Alisema hivi: "Mutoto anaenda kujenga masomo yake juu ya jiwe yako. Umuambie mbele aende. Ukishindwa, mi nitamuambia."

Kwa hiyo usidhani baba yako ni shujaa. Naandika kwa sababu nimesukumwa. Shangazi amenipa mpaka leo, na leo wewe uko sebuleni kwake, na mimi hapa nikisikia pikipiki inasimama nje nafunika karatasi kwa kopo la rangi. Kama nisingesukumwa, sijui. Ningetamani kukuambia kwamba ningeandika hata hivyo.

Sasa, nisikilize kuhusu wewe. Siku ile hukudanganya mtu. Ulisema ulichokijua, na ulikijua kwa uaminifu wote wa mtoto. Usije ukakaa Butare ukajihesabu kuwa shahidi wa uongo. Shahidi wa uongo ni mimi, nilikaa nyuma yako na mikono mfukoni.

Najua pia ninachokupokonya. Ulikuwa na muujiza wako, umekwenda nao hadi mlango wa chuo, na mimi nimeuvunja usiku wa kuamkia safari. Ningekuwa na njia nyingine ningeichukua. Lakini ulipokuwa unanisomea ile karatasi, nilijiuliza kama maswali niliyokuachia si makubwa kuliko lile ulilokwenda nalo. Mtu anawezaje kumsikia baba yake akisema neno ambalo hakulisema? Kwa nini uhakika wa mtoto ulikuwa na uzito kuliko miaka ya mwanamke aliyelima udongo ule? Kwa nini swali lako la mkondo, ambalo ndilo pekee lililokuwa sahihi, ndilo ulilolisahau? Maana nimekupima, unisamehe. Mwaka jana nilikuomba uisimulie ile safari kwa wadogo zako, na ulipofika kwenye chemchemi ulipanda moja kwa moja hadi kwenye ua. Mkondo haukuwemo tena. Nilitoka nje nikasimama uani mpaka ukamaliza.

Sina elimu ya kukushauri katika mambo yenu. Ninalokuomba ni dogo. Watakapokufundisha kwamba kumbukumbu hubadilika kila inaposimuliwa, usilichukue kama habari ya watu wa mbali waliofanyiwa majaribio. Na ukikutana na mtu aliyekosea hivyo, usimcheke upesi, wala usimwachie upesi. Muulize alikula nini kutokana na kosa lake. Mimi nilikula viazi.

Sasa yaliyobaki. Juma lililopita nilikwenda kwa responsable nikamwambia nataka kumrudishia mukecuru Domitila shamba lake. Alidhani mtu amenitisha. Nilipomweleza, alitikisa kichwa akasema kamati haikuniamini mimi siku ile, ilimwamini mtoto, na kilima kizima kingali kinasimulia habari ya mtoto yule. Kama maneno yake yanafutwa, anayeyafuta ni yeye. Akasema atawaita wanakamati na mukecuru wawe pale kesho asubuhi, kwenye njia ya kushukia, kwa sababu gari lenu la Kigali lazima lipite hapo.

Nimekata tiketi ya kiti nyuma yako. Mama yako anadhani nakusindikiza hadi Kigali. Barua hii nitakupa jioni ukirudi, tukishakula, uisome peke yako. Usinijibu leo. Usije kunigongea mlango kunifariji, maana nikifarijiwa nitalegea.

Ukishuka nami, utasema maneno machache tu mbele ya watu: kwamba jiwe ulifundishwa na baba, na kwamba ulikuwepo mkondo. Magari mengine yapo, utafika Butare umechelewa kidogo, na utafika huna shamba nyuma yako. Nitachora vibao, tutaona. Usiposhuka, nitasema mwenyewe. Huenda hawatanikubali, huenda mukecuru mwenyewe atakuwa wa kwanza kukutetea dhidi yangu. Hilo litakuwa langu, halitakuwa deni lako, na wewe utakwenda shule yako kama ulivyopanga.

Gari litakaposimama pale nitashuka, na sitageuka kukutazama. Siku ile nilikuongoza kwa maneno, kesho sitaki kukuongoza hata kwa macho. Nitasimama kando ya barabara, uso wangu umeelekea bondeni, mpaka nisikie gari limeondoka. Ndipo nitajua kama nashuka peke yangu.

Papa yako